Kaak Zenye Majina

Mkesha wa Krismasi ulimkuta Rosa Kiden ameinamia sufuria ya kuokea, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, jasho likimshuka mpaka ndani ya barakoa. Alionzi mumewe alimwambia aivue, hapa ni jikoni kwake, nani atamkamata. Rosa hakuivua. Kaak zile zilikuwa za watu ishirini na watatu, na mmoja wao ni Mama Driciru, mkwewe, ambaye mwezi wa saba alilala wodini siku kumi na moja kwa kifua. Nesi alimwita Rosa pembeni akamwambia wazi kwamba kikija kingine, mama huyu havuki.

Kama hujawahi kula kaak, nakupa pole. Ni biskuti za unga, samli na iliki, laini kiasi cha kuvunjika ukiziangalia vibaya. Kule Koboko, kwao Rosa, Waislamu huzioka Idi na Wakristo huzioka Krismasi, jirani akampelekea jirani, hata haijulikani nani alianza. Rosa alifundishwa na Mariam Poni, jirani yao wa kijijini Midia, enzi za usichana. Alipoolewa huku Onduparaka, kwa Walugbara, alikuja nazo mkononi kama wengine wanavyokuja na masanduku ya vyombo. Miaka kumi na mitano ukoo wa Alionzi umekuwa ukizila mpaka sinia linang'aa, kisha ukimwambia Alionzi kwamba mkewe bado hajajua kusonga ugali wa muhogo.

Mwaka ule wa korona Rosa alijaribu kuwazuia wasije wote. Alimwomba Alionzi awapigie simu. Alionzi ni fundi baiskeli, mtu mwema, lakini mbele ya ndugu zake ulimi humwia mzito. Alimpigia dada yake mkubwa tu, Concy, aliyeolewa Adumi, na jibu la Concy lilisikika mpaka nje ya simu.

"Mwambie mke wako, mama iko yetu. Yeye tulimuoa tu."

Basi ikawa wanakuja. Rosa akageukia radio. Kila jioni daktari mmoja alizungumza habari za kula sikukuu salama: kaeni nje, naweni mikono, wazee wakae mbali na wanaotoka safari, mtu asitie mkono kwenye sahani ya mwenzake. Rosa aliyaandika yote nyuma ya kalenda, hata yale aliyoyajua.

"Kila mtu atapata mfuko wake," alimwambia Alionzi. "Kaak sita, na karanga ya sukari. Nafunga, naandika jina. Hakuna mkono kuingia kwa ya mwenzake."

Alionzi akakuna shingo. "Jina ya mtu?"

"Wasichanganye."

"Mimi sijaona chakula ya Krismasi iko na jina."

"Na korona uliiona lini?"

Alionzi akanyamaza, na laiti asingenyamaza. Kwa maana huku kwetu mwenye chakula huonja kwanza, watu wakimwona, ndipo sinia linawekwa katikati. Mkono wako na wangu ikikutana ndani ya sinia moja, moyo unatulia. Anayetengewa chake peke yake hujiuliza ametengewa kwa nini, na kila ukoo una kisa chake cha mtu aliyetengewa, akala, akalala, hakuamka. Visa vingi ni uongo. Lakini uongo huo wote wameunyonya maziwani, Rosa naye kaunyonya kulekule Koboko. Aliujua. Ila hofu ya kifua cha yule mama ilikuwa imemjaa kichwani pote, pakakosa nafasi ya hofu nyingine.

Akaandika majina ishirini na matatu kwenye vipande vya plasta, akavibandika kwenye mifuko ya nailoni. Zilizoungua alizitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akauweka juu ya kabati la sebuleni. Hizo zilikuwa zake, maana mpishi hula zilizoungua.

*

Siku yenyewe ilipambazuka na jua zuri. Rosa alikuwa amefunga turubai uani na kupanga viti kwa hatua, mbili kati ya kiti na kiti. Kiti cha Mama Driciru alikiweka mlangoni mwa chumba chake, hatua nne kutoka kwa wengine. Langoni alining'iniza kidumu cha maji chenye kijiti cha kukanyaga, sabuni ikining'inia kwa kamba.

Mzee Onzima, baba mdogo wa Alionzi, ndiye aliyetangulia kutoka kanisani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akakanyaga kijiti, akanawa kama mtu anayemridhisha mtoto. Concy alikuja na wanawe na wakwe, akakipita kidumu kile kama anavyopita mbwa wa watu.

"Wifi, maji iko hapo," Rosa akasema.

"Nilinawa Adumi."

Alisema kwa Kiswahili. Wao kwa wao huongea Kilugbara, na Rosa anakisikia vizuri, anakiota hata usingizini. Lakini yeye husemeshwa Kiswahili, miaka kumi na mitano sasa, kama mtu aliyeshuka kwenye basi leo asubuhi. Concy akaenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkumbatia, shavu kwa shavu. Rosa akaangalia pembeni. Hilo moja hakuwa na la kulifanya.

Wa mwisho kufika alikuwa Robert, kitinda mimba wa Mama Driciru, utingo wa lori la mizigo ya Juba. Alishuka kwenye gari la kukodi na shuka jipya la kumfunika mama yake. Macho yalikuwa mekundu na sauti imekauka.

"Vumbi ya barabara," akasema kabla hajaulizwa, akakohoa begani.

Rosa alimwahi akiwa na kiti mkononi. "Shemeji, karibu. Kaa hapa kidogo, upepo iko mzuri." Kiti akakiweka upande wa mbali kabisa, penye bafu.

"Robert anatoka safari, unamuweka kwa bafu?" Concy akauliza, na watu wakageuka. "Mutoto wa hii nyumba?"

"Si vile, wifi. Ni kwa ajili ya mama."

Robert alicheka tu. Hakuwa mtu wa ugomvi. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Shemeji, walinipima mpakani. Cheti iko. Hakuna kitu." Karatasi ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akaitazama akarudisha kichwa nyuma kwa kuridhika. Ilipomfikia Rosa aliisoma tarehe. Siku kumi zilikuwa zimepita tangu apimwe, na ndani ya hizo siku kumi alikuwa ameenda Juba na kurudi. Alimrudishia bila neno, maana wote walikuwa wanamtazama kuona kama atathubutu.

Robert akabeba kiti chake akakisogeza hadi katikati.

*

Kuku waliliwa kwa sahani, kila mtu na yake, na hilo lilipita kwa minong'ono midogo. Nje vijana wa mtaa walikuwa wanapiga mpira wakiwa na jezi zao, na kelele za goli zikasaidia kufunika ukimya. Kisha Rosa akaja na karai lenye mifuko, akaanza kuita majina.

Watu walipokea. Kila mmoja aligeuza mfuko wake akasoma plasta, akautazama wa jirani. Hakuna aliyefungua. Mtoto mmoja wa Concy alianza kufungua kwa meno, mama yake akampiga kikofi mkononi.

Robert peke yake ndiye aliyefungua. Akaingiza pua ndani ya mfuko, akavuta, akavuta tena.

"Shemeji, mwaka huu ulisahau iliki?"

"Sijasahau."

"Hii haina harufu. Hata kidogo."

Rosa akaliweka karai chini. Siku tatu nzima harufu ya iliki ilikuwa imejaa uani na kuvuka barabara, wapita njia wakisema leo kwa Alionzi kunaokwa. Na yule daktari wa radio alisema wazi: mwenye ugonjwa huu pua yake hufa kwanza. Alimtazama Robert, halafu Mama Driciru pale mlangoni, na zile hatua nne zikaonekana fupi.

Lakini Concy naye alikuwa amesikia, na alisikia kitu kingine kabisa. Akafungua mfuko wake, akaunusa. Akaunusa wa mumewe.

"Yangu inanukia," akasema polepole. "Ya huyu inanukia. Kwa nini ya Robert peke yake haina harufu?"

Mifuko ikaanza kuwekwa chini, mmoja mmoja, kwa adabu.

"Na kwa nini iko na jina?" Concy akaendelea. "Mimi nakula kwa ndugu yangu miaka yote. Leo ndiyo naambiwa hii iko yako, ile iko ya Robert. Nani anatenga chakula ya mutu?"

"Ni korona, wifi. Radio ilisema—"

"Radio ilisema uandike jina ya Robert?"

Mzee Onzima akainua mkono. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, alikuwa anataka amani. "Mtoto, hii maneno ni kidogo. Leta sinia. Mimina zote, changanya, onja mbele yetu. Tutakula, itaisha."

Rosa akamtafuta Alionzi kwa macho. Alionzi akasema, "Leta tu, mama Sandra," akitumia jina la binti yao, kama anavyofanya akitaka kuomba msamaha bila kuomba.

Akaleta sinia. Mifuko ikachanwa, kaak zikamiminwa zikawa chungu moja, karanga zikitumbukia katikati. Rosa akaonja. Alichukua ya juu, ya pembeni, ya chini, akatafuna akameza, wote wakimtazama koo. Uso wa Concy ukalegea kidogo. Mtu mmoja akacheka, mwingine akasema samli inanukia, na kwa heshima ya safari wakamwachia Robert atangulie. Robert akatia mkono wake wote, akachota, akageuka kukohoa kwenye kiganja kilekile, akarudi kuchota tena kwa ajili ya watoto, na wengine wakafuata.

Na Mama Driciru akasema kutoka mlangoni, "Na mimi je?"

Siku tatu alikuwa anainusa ile harufu. Concy akanyanyua sinia kwa mikono miwili, furaha imemrudia, akampelekea mama yake. Mkono wa mama ukanyanyuka, mwembamba, ukaelekea palepale Robert alipochimba.

Rosa aliona yote mawili kwa wakati mmoja. Akinyamaza, mkono ule unaenda mdomoni. Akisema, amejimaliza mwenyewe, maana hakuna mwenye chakula anayemwambia mtu asile chakula chake ila mmoja tu, aliyekitia sumu. Alitafuta neno la tatu. Halikuwepo.

"Mama, usile."

Mkono ukasimama hewani. Uani kote watu wakaacha kutafuna. Mtu mmoja akatema, mwingine akatema, wanawake wakaingiza vidole midomoni mwa watoto kutoa kilichokuwamo.

"Robert anaumwa," Rosa akasema haraka. "Pua yake imekufa, hasikii harufu. Ni korona. Ametia mkono humo. Kifua ya mama haiwezi."

"Sasa unamtupia Robert," Concy akasema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Robert iko na cheti. Wewe cheti yako iko wapi?"

*

Walisimama wote kwa pamoja, viti vikaanguka. Concy alikwisha kuingia chumbani kwa mama yake, akatoka na shuka na dawa za presha ndani ya kikapu. Mama hawezi kulala hapa hata usiku mmoja, akasema. Anaenda Adumi sasa hivi, kwa gari alilokuja nalo Robert, na vioo vifungwe asipigwe na upepo.

Rosa akasimama mbele ya mlango. Hakumgusa mtu, alisimama tu.

"Alionzi," Mzee Onzima akasema, "ongea na mke wako."

Alionzi akaja mpaka karibu. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo Rosa alilipiga pasi alfajiri. Midomo ilimcheza kwanza.

"Rosa. Uliweka kitu?"

Nimekwambia ni mtu mwema. Aliuliza kwa upole, karibu kwa kunong'ona, na Rosa hakumbuki kuumizwa hivyo na mtu yeyote, hata na Concy kwa miaka yote kumi na mitano. Alitamani amjibu tusi. Badala yake alipiga magoti kando ya sinia lililokuwa limeachwa chini, akatia mkono pale kwenye shimo la Robert, akaanza kula. Hakuwa anaonja tena. Alikula kaak moja, ya pili, ya tatu, unga ukimkaba kooni, machozi na makombo kidevuni, huku akijua vizuri anachokiweka ndani ya kifua chake. Alikula mpaka mate yakamkauka.

"Umeona?" akamuuliza Alionzi.

"Mwenye kuweka ndiye anajua dawa ya kuitoa," Concy akasema.

Hapo Rosa akaelewa kwamba hakuna mlango wa kutokea. Angekula sinia na chuma chake, isingesaidia kitu.

"Mimi siendi," Mama Driciru akasema.

Walimgeukia. Alisema kwa Kiswahili, kile chake kibovu, ili Rosa naye ajumlishwe. "Adumi mbali. Kiti yangu iko hapa."

"Mama, huyu mtu—"

"Nimesema kiti yangu iko hapa. Mnibebe na kiti?"

Hawakuweza kumbeba kwa nguvu siku ya Krismasi, watu wa mpira wakiwa wameshajipanga ukutani kuangalia. Mzee Onzima akatangaza kwamba ukoo utakaa kikao baada ya mwaka mpya, na watu wa Koboko wataitwa waje wasikie mambo ya binti yao. Akakinyanyua kidumu kilichoangushwa langoni, akakirudisha mahali pake. Gari likaondoka, wengine wakafuata kwa miguu, na Alionzi akaenda kuwasindikiza. Alisema atafika njia panda tu.

*

Saa mbili zikapita bila Alionzi. Rosa alizifukia kaak zilizobaki nyuma ya bafu, akasugua sinia kwa majivu, akachukua godoro dogo akalihamishia jikoni. Kisha akaongea kupitia dirisha la jikoni, barakoa usoni.

"Mama, nisikilize. Siku kumi na nne sitakaribia. Nimekula pale Robert alipotia mkono, na Concy amekukumbatia, sasa sisi wote tungoje. Chai iko kwa thamosi. Sandra alikuwa arudi kesho kutwa kutoka kwa bibi yake Midia, nitamwambia abaki hukohuko."

"Na chakula?"

"Atapika Alionzi."

"Basi nitakufa kweli," mama akasema.

Rosa akataka kucheka, kikatoka kitu kingine. Akafunga dirisha. Jikoni mlikuwa na nafasi ya godoro na jiko, na ukuta ulikuwa bado una joto la kuoka. Alifikiria kikao cha mwaka mpya, na baba yake akiitwa atoke Midia na kofia yake ya zamani ya jeshi, aketi kwenye kiti cha washtakiwa. Mama asipougua, watasema sumu iliwahiwa. Akiugua, watasema ilimfikia. Robert akilazwa kesho, watasema ni ule mfuko.

Alikuwa anayageuza hayo aliposikia kiti kinaburuzwa. Akachungulia kwa ufa wa mlango. Mama Driciru alikuwa anakivuta kiti chake mwenyewe, hatua na pumziko, fimbo kwapani, mpaka nje ya lango, kando ya barabara. Akarudi ndani. Akatoka tena na kikombe cha chai, na ule mkebe wa maziwa ya unga umebanwa kifuani.

Jioni ya Krismasi Onduparaka yote huwa barabarani, watu na nguo zao mpya, na habari ya kwa Alionzi ilikuwa imeshatembea. Mama akaketi, akafungua mkebe, akatoa kaak iliyoungua, akaitumbukiza kwenye chai, akala. Taratibu. Akatoa nyingine.

Watu wakapunguza mwendo. Mwanamke mmoja akasimama upande wa pili.

"Mama Driciru, unakula nini?"

"Kaak ya mke wa mwanangu."

"Mbona nyeusi hivyo?"

"Imeungua."

"Na unakula tu?"

"Nipe meno, nitakula haraka."

Alionzi alimkuta hivyo, aliporudi, watu kumi wamesimama wanatazama kama kwenye mechi. Akanyoosha mkono amwinue mama yake aingie ndani.

"Ulikuwa na Robert," mama akasema. "Nawa. Halafu ukae kule." Akamwonyesha kwa fimbo mahali pa kukaa, akahesabu hatua kwa macho, akaingiza mkono mkebeni.

Jikoni Rosa aliondoka mlangoni akaketi kwenye godoro. Alivuta kopo la iliki kutoka chini ya meza, akalifungua, akalipeleka puani, akavuta. Ilikuwa inanukia. Akalifunga. Baada ya muda mfupi akalifungua tena.